Mvua Isiyo na Haraka

Shangazi yake Lusajo aliingia uani akilia, na hakuna aliyemwitikia.

Alikuwa ametoka Kyela alfajiri. Aliposhuka tu njia panda akaanza kilio pale pale kwenye uzio wa migomba, kama inavyotakiwa kwetu Rungwe. Mgeni wa msiba hafiki kimya kimya. Humwita marehemu kwa jina, na wanawake waliokwisha kufika humwitikia, kilio kikaanza upya kana kwamba habari imeingia sasa hivi. Shangazi akaita, "Lusajo, baba, umeniacha na nani?" Sisi wanawake tuliokaa kwenye mikeka tukamtazama kwa upole. Mmoja akamsogezea sahani ya karanga.

"Karibu, mama," akamwambia. "Pole na safari. Mvua haikukukuta njiani?"

Shangazi akaita mara ya pili. Sauti ikamkatikia katikati, akaona aibu, akakaa. Akatutazama mmoja mmoja, macho yamemtoka.

"Huyu mtoto amekufa," akauliza, "au amesafiri?"

Mimi nilikuwa karibu na mlango wa jiko. Nilijua kilichotufunga midomo, maana nilikuwa nakisikia kwenye mfupa nyuma ya sikio langu, na nilikitengeneza mwenyewe. Kilikuwa kipande cha nne cha albamu yangu. Kina sauti moja nzito inayopanda polepole sana, nyingine nyembamba juu yake inayodondoka kama maji ya paa, na chini kabisa mdundo laini ambao mtu huanza kupumua nao kabla hajajua kwamba ameusikia. Albamu inaitwa *Mvua Isiyo na Haraka*. Niliitunga mwaka niliotengana na mume wangu, usiku sipati usingizi. Sikuitunga ili watu washindwe kulia msibani.

Igombola ni mji wa kampuni inayofua umeme kwa mvuke wa ardhini, na kila anayekaa nyumba ya kampuni ana shanga. Ni kidude kidogo kama punje ya mahindi, kimekazwa kwenye mfupa. Kinasikiliza moyo wako. Moyo ukienda mbio, kinakuzidishia muziki, ukitulia, kinapunguza. Anayeruhusiwa kukitoa ni daktari wa kampuni, na akikitoa unarudisha na funguo za nyumba. Watu hawakulalamika. Watoto walilala, majirani waliacha kugombania mipaka, hata walevi walirudi nyumbani wakiimba taratibu. Nami niliringa, nisiseme uongo. Msanii gani asingeringa, mji mzima ukiuvaa wimbo wake?

Mama mdogo Subilaga, mama wa marehemu, aliniita kwa kidole. Nikamsogelea.

"Tuse."

"Abee, mama mdogo."

Akagusa nyuma ya sikio lake. "Hiki kinachopiga humu ni wewe?"

"Ni mimi."

"Nizimie."

Alisema vile vile ambavyo angeomba chumvi. Jeneza lilikuwa sebuleni nyuma yake, limefungwa kwa skrubu kwa sababu mvuke haukuacha uso wa kuonyesha watu.

"Tangu Jumanne nimekaa hapa," akasema. "Najua mwanangu amekufa. Najua kama ninavyojua leo ni Alhamisi. Chozi nalitafuta, silipati. Jana nimejifinya paja hadi limevimba. Kesho tunamzika, Tuse. Nisimame pale nimwangalie anafukiwa kama napanda viazi?"

"Mama mdogo, ule si mtambo wa kuzima hivi hivi. Kuna waya unakwenda mnarani, halafu..."

"Sikuombi unifundishe umeme. Mama yako alipougua nimekulea mimi. Nizimie nimlilie mwanangu, basi."

Kwangu muziki ule hufanya kazi nusu tu. Nikiusikia naanza kutafuta ni sauti ipi imeteleza, kwa hiyo haunilazi kama wengine. Ndiyo maana niliweza kuona haya. Niliona haya mbele ya yule shangazi, mbele ya jeneza, na zaidi mbele ya mama mdogo ambaye alikuwa akinitazama kwa macho makavu na kunisubiri.

"Nitazima," nikamwambia.

* * *

Mtambo wangu unakaa chumba cha nyuma na unachukua ukuta mzima. Ni sinthesaiza ya analogi, chombo cha kizamani cha kutunga sauti kwa umeme, cha vifundo vya kuzungusha na nyaya za kuchomeka. Haina namba ndani yake. Muziki wa kompyuta ni namba, na namba haibadiliki. Ukiipiga leo na ukiipiga mwakani ni ile ile. Wangu ni umeme unaopita kwenye vipande vya chuma na kauri. Vipande hivyo vikipata joto, sauti inapanda unywele mmoja. Vikipoa, inashuka. Haujawahi kupiga kitu kile kile mara mbili tangu niuwashe.

Kampuni ilianza na namba. Kompyuta zao zilitunga muziki wa kutuliza wa kusikilizwa miaka kumi bila kurudia. Watu walilala vizuri wiki mbili, kisha ubongo ukaizoea tabia ya ile kompyuta na mioyo ikaenda zake. Ndipo wakasikia kwamba kuna mwanamke Igombola ambaye albamu yake watu wanaisikiliza mwaka wa tatu na bado inawalaza. Walikuja wakasema wanaitaka kwa ajili ya wagonjwa. Nikakubali. Wakatoa waya mnene kama kidole gumba kutoka mgongoni mwa mtambo hadi mnara wa kilimani, na tangu hapo albamu haijaisha. Inapigwa mchana na usiku, nami naitunza kwa dirisha na jiko la mkaa. Ukungu ukishuka nafungua dirisha, ile sauti nyembamba inalegea. Ikilegea mno nasogeza jiko. Wahandisi wao waliwahi kuniletea kiyoyozi, nikawafukuza nacho.

Nilikuwa nimesimama mbele ya waya ule, mkono kiunoni, Fidelis Ngonyani alipobisha hodi. Ndiye Afisa Utulivu wa kampuni, kijana wa Songea, mtanashati, adabu zote anazo.

"Shikamoo, dada Tusekile."

"Marahaba."

"Pole sana na msiba. Nimepita pale. Watu wametulia, Mungu ni mwema."

"Mwachie Mungu kazi zake, Fidelis. Umekuja na shida gani?"

Akakaa bila kukaribishwa. "Kesho tuna majeneza kumi na moja. Watakuja wageni wa nje, hawana shanga, na kilio kinaambukiza. Sauti tumeiongeza mnarani hadi mwisho, tukizidisha watu wataanguka. Naomba unisaidie upande wa mdundo. Ushushe kidogo, uwe chini ya mapigo ya kawaida. Mioyo itaufuata yenyewe."

"Leo mwanamke amelilia ndugu yake, tukampa karanga. Hiyo haikukutosheni?"

"Hofu ikianza mji huu hautalala mwezi mzima. Kuna wajawazito. Kuna wazee wa presha. Nafikiria watu, dada."

Nadhani alisema kweli. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi, kwamba alikuwa anafikiria watu na bado hakuwa amewaona.

"Kesho nazima," nikamwambia. "Kuanzia majeneza yatoke hadi watu watakapomaliza kulia wenyewe."

Hakushtuka. Shanga yake ilikuwa inafanya kazi. "Na wodi ya walioungua?"

"Iwekeeni waya wake."

"Waya ni mmoja, na mnara haugawi."

"Nani aliujenga usigawe?"

Akatazama viatu vyake. "Ukigawa, kila mtu atataka kujichagulia."

"Basi mmeujenga vile kwa makusudi."

"Mdogo wako Ambokile amelala kifudifudi kwa sababu mgongo hauna ngozi," akasema, na hakupandisha sauti hata kidogo. "Dawa za maumivu zinaletwa kwa ndege mara moja kwa wiki na hazitoshi. Kinachomtuliza ni wewe. Ukitaka kuchomoa, chomoa, dada. Sitaweka mlinzi hapa. Nakuachia na roho yako."

Akaaga kwa adabu, akafunga mlango taratibu. Nilitamani nimrushie jiko.

* * *

Ambokile alikuwa macho, shavu kwenye mto, akitazama ukutani. Nilivuta kigoda nikakaa palipo na macho yake.

"Umekula?"

"Nimekunywa uji."

"Wamekuambia habari za Lusajo?"

"Wameniambia. Wamesema amekufa, nikasema sawa, nikauliza kama uji umebaki. Tumekula sahani moja tangu utoto, dada. Nilijua pale natakiwa nifanye kitu. Nimekitafuta, sijakipata."

Nikamuuliza kule handakini ilikuwaje, kwa kuwa hakuna aliyetueleza zaidi ya kwamba bomba lilipasuka.

"Kengele ililia," akasema. "Ile nyekundu. Tuliisikia wote. Lusajo akasema, hii inatuita tutoke. Nikasema ndiyo, inatuita. Tukaendelea kukaza bolti. Palikuwa shwari kabisa. Siku ile sauti yako ilijaa kichwa kizima, nguvu kuliko siku zote, ilikuwa nzuri sana. Halafu nikaona ukuta mweupe unakuja, nikasema, loh, mvuke ule."

Mimi huchezesha dirisha na jiko na vifundo vyangu. Sauti huongezwa mnarani. Kuna mtu aliyeongeza sauti siku ile wakati kengele inalia. Sikumwambia Ambokile. Kwa jinsi alivyokuwa angesema sawa.

Nilimkuta Sista Kissa, msimamizi wa wodi, akikunja mashuka. Ni mwanamke mfupi, mkali, na shanga haikuwahi kuumaliza ukali wake wote. Nikamweleza ninachotaka kufanya.

"Wewe unataka mji ulie," akasema. "Hawa wangu watalia kwa kingine."

"Nitauleta mtambo hapa hapa wodini. Kuna spika za kanisa la hospitali. Sauti ya hewani si kali kama ya mfupani, lakini inasaidia. Itakuwa yao, atakayetaka."

"Toka uchomoe hadi usikike hapa ni muda gani?"

"Kuupakia, kupanda mlima, kuunganisha, kuusubiri upate moto. Saa moja. Labda na zaidi."

"Saa moja. Unajua saa moja ni nini kwa mtu asiye na ngozi?"

"Sijui."

"Afadhali umesema hujui."

"Tuwaulize wenyewe," nikasema. "Wakikataa, naacha."

Kissa akacheka, cheko lisilo na furaha. Akanishika mkono akanipeleka kitanda cha karibu, cha mzee Mwaisaka, fundi wa kuchomelea, aliyeungua kifua na mikono.

"Mzee, kesho tunakukata mguu mmoja. Unaonaje?"

"Sawa tu, sista," akasema mzee.

"Na wa pili?"

"Mkiona inafaa."

Tukarudi kwenye mashuka. Kissa akanyoosha kona ya shuka na kuikunja. Sasa nilielewa. Nikiwauliza wakiwa na muziki, jibu si lao. Ili wapate jibu lao lazima kwanza niwaumize, na hakuna wa kunipa ruhusa hiyo. Nilizunguka nayo kichwani kila upande nikitafuta njia isiyoumiza mtu. Kama ipo, mimi sikuiona. Nikiacha, kumi na mmoja wanazikwa bila mtu wa kuwalilia, na kesho kutwa kengele ikilia tena, watu wataendelea kukaza bolti. Nikichomoa, mdogo wangu atapiga mayowe na mayowe hayo yatakuwa yangu.

"Nachomoa," nikamwambia Kissa. "Anichukie atakayenichukia."

"Ambokile atakuchukia."

"Akiweza kunichukia atakuwa amepona kidogo."

Kissa akaweka shuka chini. "Nina dawa ya kuwatosha wote dozi moja, nilikuwa naibania hadi ndege ije. Nitaitoa yote kesho ukichomoa. Ukichelewa sina kingine, Tusekile. Nitakuja kukutoa roho huko huko barabarani."

* * *

Majeneza yalitoka saa tatu asubuhi. Kutoka dirishani kwangu niliyaona yakishuka kwa barabara ya makaburini, na watu nyuma yake wametulia kama waendao mnadani. Nikaushika waya kwa mikono miwili, nikauvuta.

Ukimya ulioingia mfupani ulinitia kizunguzungu. Sikuwa nimeusikia kwa miaka. Kwa kitambo hakukuwa na kitu, barabara imesimama tu, watu wanageuka huku na huku wakishika masikio. Kisha nikamsikia mama mdogo Subilaga. Ningeijua sauti ile popote, ndiyo iliyokuwa ikiniita nirudi nyumbani giza likiingia. Alimwita Lusajo kwa jina lake na la babu yake, na safari hii wanawake wakamwitikia, wote, hadi bonde likajaa. Wanaume wakaanguka magotini kwenye tope. Nami nikalia, kamasi zinanitoka, huku nafungua skrubu za mtambo, maana Lusajo alikuwa ndugu yangu na nilikuwa sijamlilia.

Mtambo hutenganishwa vipande vitatu. Niliupakia kwenye kirikuu, kigari ambacho mama mdogo hubebea parachichi, nikaufunika kwa turubai, nikapanda mlima. Mvua ikaanza, na haikuwa na upole wowote. Getini mlinzi wa hospitali, jibaba lenye mabega, alikuwa analia akiwa amekumbatia nguzo. Akanifungulia bila kuuliza ninapeleka nini.

Mayowe niliyasikia tangu ukumbini. Sitaki kuyasimulia. Yatosha kusema kwamba niliijua sauti ya Ambokile ndani yake, na kwamba aliponiona mlangoni alinitukana tusi ambalo hajawahi kunitukana maishani.

"Nitukane," nikamwambia. "Endelea hivyo hivyo."

Niliunganisha vipande, nikachomeka spika za kanisa, nikawasha. Mtambo ulikuwa umepigwa baridi njia nzima, na ukatoa sauti kama mbuzi aliyebanwa mlangoni. Jiko la mkaa haliingii wodini, kuna mitungi ya oksijeni. Kissa akaangalia, akaelewa, akaita ndugu wa wagonjwa. Wakaja na chupa za plastiki za maji ya moto, zile zile za kukandia, wakazipanga kwenye ubavu wa mtambo na kuzifunika kwa mablanketi, kama wanamwogesha mzazi. Mimi nikazungusha vifundo nikifuata ile sauti nyembamba inavyopanda. Iliteleza, ikarudi, ikateleza tena. Nikamwomba Mungu kwa lugha ambayo padri asingeipenda.

Kisha ikakaa. Sauti nzito ikaingia chini yake, na mdundo ukaanza kutembea, mdogo, wa polepole, kutoka kwenye spika za kizee zilizozoea mahubiri. Haukuwa na nguvu ya kumlazimisha mtu. Ulikuwa kitu cha kujishikia kwa anayetaka.

Kissa akapita kitanda kwa kitanda. Alimwuliza kila mmoja, "Unaumwa wapi?" halafu, "Unautaka muziki, au nisogeze kitanda mbali?" Walijibu kwa meno yaliyokazwa, lakini walijibu wao. Mzee Mwaisaka alisema hautaki, na kwamba akisikia tena habari za kukatwa miguu atamshitaki. Wakamsogeza hadi ukumbini. Ambokile alitaka kwanza ageuzwe uso dirishani, upande wa makaburi. Akamlilia Lusajo hadi mgongo ukamzidi, ndipo akasema, "Piga, dada. Sasa piga." Nikamwongezea.

Ngonyani aliingia na walinzi wawili wa kampuni. Suti imelowa, tai imehama upande. Walinzi walifika mlangoni wakaona vitanda, wakabaki pale pale.

"Rudisha waya," akaniambia. "Watu wamevamia ofisi. Wanauliza habari ya kengele ya Jumanne. Kila mtu anauliza kengele."

"Nami nauliza."

"Nitauchukua mtambo huu. Ni mali ya mkataba."

"Uchukue." Nilisimama mbele yake. Nina umbo dogo, lakini siku ile nilijaa chumba. "Kaupeleke mnarani uone kama utakupigia. Hujui dirisha lake, hujui moto wake. Utakaa nao wiki nzima unalia kama mbuzi. Nikiwa hai, Fidelis, muziki huu hauingii tena kwenye mfupa wa mtu asiyeuomba. Nifukuzeni nyumba. Niitieni polisi. Waya ule nimeukata vipande vinne kwa panga, na kipande kimoja nimefungia mbuzi."

Habari ya mbuzi niliitia chumvi tu. Kuukata niliukata kweli.

Kupitia dirishani kilio cha bondeni kilikuwa kinapanda na kushuka, na niliona kinamwingia Ngonyani. Sijui alikuwa amevaa shanga miaka mingapi. Akashika ncha ya kitanda cha Ambokile ili asianguke.

"Ninaomba," akasema kwa sauti ndogo. "Dada Tusekile. Niwekee spika karibu. Nami naomba."

Kanuni niliitunga mwenyewe, kwamba anayeomba anapewa, na sasa ilikuwa imesimama mbele yangu imevaa suti. Nilitaka kumtemea mate. Kissa ndiye aliyesogea. Akamshika bega kama alivyomshika kila mmoja mle ndani.

"Unaumwa wapi?"

Ngonyani akatikisa kichwa.

"Hapa wote wameulizwa," Kissa akasema. "Unaumwa wapi?"

Alichosema mwanzoni hakikusikika. Midomo ilikuwa inacheza tu, na spika za kanisa zilikuwa zinapiga kipande cha nne. Nikanasa neno "kengele". Nikanasa "dakika", na "niliambiwa nisiwatie hofu". Kisha nikasikia, wazi kabisa, "nikaongeza sauti."

Wodi nzima ilikuwa imegeuka. Watu waliokuwa hawawezi kugeuka walikuwa wamegeuza macho. Ambokile akanyanyua shavu lake kutoka kwenye mto, kidogo tu, na jasho likamtoka kwa kitendo hicho.

"Dada," akasema. "Zima."

"Utaumia, Ambo."

"Najua nitaumia. Zima, tumsikie vizuri."

Nikawatazama wengine. Mmoja akafumba macho, akaitikia kwa kichwa. Mwingine akasema, "Zima." Kijana wa kitanda cha mwisho, ambaye hakuwa amesema neno tangu Jumanne, akaanza kujiuma shuka tayari kwa maumivu, akaninyooshea kidole kwenye kifundo.

Nikazima. Maumivu yakawarudia, nikayaona yakipita kitanda hadi kitanda, na hakuna aliyepiga yowe. Walimtazama Ngonyani, wakamsubiri, naye akafuta uso kwa kiganja akaanza upya, tangu kengele ilipolia.